Zimwi Nje, Heri Ndani

Tangu soko la mboga na matunda la Mawaleh, hapa Maskati, lihamishwe, watu wa umri wangu hawana raha. Kila siku kundi letu la WhatsApp linajaa picha: magunia ya vitunguu, makasha ya maembe, yule mzee wa Kibaluchi na ndimu zake. "Jamani, utoto wetu unakwenda hivi hivi," wanaandika, kisha wanatia vikaragosi vinavyolia. Mimi sitii kitu. Nimekulia mtaa huohuo, nyuma ya soko hilohilo, na utoto wangu haunukii embe. Unanukia soya iliyokaangwa kavu kikaangoni mpaka ikaanza kupasuka ngozi. Kabla ya Idi wifi yangu, ambaye siku hizi anajipunguza mwili, alikaanga konzi moja ya soya jikoni kwake Al Khuwair, nami nikachukua buibui langu nikaondoka bila kuaga. Walinipigia simu kuniuliza kama naumwa. Siumwi. Nina hasira, na nimechoka kuambiwa kwamba hasira ya zamani ina siku yake ya kuisha, kama maziwa ya dukani.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mjapani. Bi Haruko aliolewa na Ami Nasoro, Muomani wa Unguja kama sisi, aliyekwenda Japani kusomea uhandisi akarudi na shahada na mke. Alipofika Maskati alimkuta mama mkwe wake hataki lugha nyingine nyumbani ila Kiswahili, basi akajifunza Kiswahili kabla ya Kiarabu, na akajifunza kwa yule bibi kizee mwenyewe. Bibi kizee alikufa, maneno yake yakabaki kinywani mwa mkwewe. Tulizoea kumsikia Mjapani akisema "khasa" na "mwana wee" na "nnakwambia", na mgeni aliyempigia simu kwanza akaja kumwona baadaye alibaki mdomo wazi mlangoni. Aliswali, alifunga, na pilau yake iliishinda ya mama yangu. Jambo moja tu hakukubali kuliacha: watoto wake wajue kwao.

Kwa hiyo sisi watoto wa ukuta ule tulikuwa na sikukuu ambazo wenzetu shuleni hawakuzijua. Mwezi wa Machi alitandika kitambaa chekundu juu ya masanduku yaliyopangwa ngazi ngazi, akaweka wanasesere waliovaa nguo za kifalme, akatukalisha chini mimi na binti yake Naima atufundishe namna ya kuwakaribisha. Siku ikipita aliwafunga upesi, kwa sababu kwao wanasesere wakichelewa kurudi sandukuni, msichana wa nyumba naye huchelewa kuolewa. Bibi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu watu, alisema hao ni watu wenye akili. Mwezi wa Mei alipandisha paani samaki wa kitambaa waliojaa upepo, wa kumwombea mwanawe mdogo afya, na mtu wa nyumba ya tatu akaja kuuliza kama wamefungua duka la samaki. Septemba, joto likiwa bado halijavunjika, alitupeleka huko huko paani tutazame mwezi mpevu na tule vidonge vya unga wa mchele visivyo na sukari wala nazi. Tulivila kwa adabu. Bibi aliviita vitumbua vilivyofiwa.

"Si dini hii," Bi Haruko alimwambia kila aliyeuliza. "Mila za kwetu tu. Nnataka wanangu wajue mama yao katoka wapi. Nanyi si mwawatoa wana wenu katikati ya Ramadhani, wakaimbe karankasho mitaani wapewe karanga na peremende? Basi na mimi ndo hivyo hivyo."

Nyumbani kwetu tulikuwa Baba, Mama, Bibi mzaa Baba, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anatambaa. Mwenye nyumba alikuwa Bibi, jina lake Bi Zuwena, na hilo halikuhitaji kuandikwa mlangoni. Mama alipika, alifua, alilea, lakini kanzu za Baba hakuruhusiwa kuzitia pasi. Bibi alizipiga mwenyewe kila Ijumaa asubuhi, akizinyunyizia maji ya waridi, na kile kishada cha shingoni akikifukiza udi peke yake. "Mtu hajui kupiga pasi kanzu ya mwanamme mpaka awe kamzaa," alisema, na Mama alitazama chini.

Mwaka ule nyumba ilikuwa na maneno ya chini chini. Baba alichelewa kurudi. Simu yake ikilia alitoka uani kuipokea. Mama alikuwa na macho mekundu akasema ni vitunguu, hata siku tuliyokula mkate na jibini. Nikawa nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi siku moja, nikamsikia anamwambia Mama, "Nyamaza, mwanangu. Mumeo si yeye. Kaingiwa na shetani tu. Na shetani hutoka, sharti utulie." Nilikuwa na miaka saba au minane, umri wa kuamini kila linalosemwa kwa sauti ndogo. Basi nikajua. Baba yangu ana shetani ndani yake, na watu wazima wamekaa wanamngoja atoke kwa hiari yake.

Hali ilikuwa hiyo Bi Haruko alipotufundisha sikukuu ya kumtoa zimwi. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari, ile Februari ya Maskati ambayo watu hupanga viti nje kwa kuwa hewa ni nzuri. Tulikaa jikoni kwake tukipaka rangi sura ya zimwi aliyoikata kwenye boksi: nyekundu, meno nje, pembe mbili. Akatueleza kwamba kwao baridi ikianza kuondoka, baina ya msimu na msimu hubaki upenyo, na mabaya hupita hapo. Basi kila nyumba hukaanga soya. Baba mwenye nyumba huvaa sura ya zimwi, na watoto humpiga kwa soya mpaka atoke nje, huku wakipiga kelele: zimwi nje, heri ndani. Na soya sharti ziive sawasawa, kwa sababu moja ikibaki mbichi ikaota, balaa huota nayo.

"Zimwi na shetani mamoja?" nikamuuliza.

"Ah, mamoja tu," akasema, akifuta rangi vidoleni. "Zimwi ni baya lote lililomo nyumbani. Maradhi, ugomvi, uvivu wa Naima."

"Na akishatoka?"

"Akishatoka katoka. Wafunga mlango, wakaa na heri yako."

Sikumuuliza zaidi. Yeye alikuwa anacheza na watoto. Mimi nilikuwa napokea dawa.

Zimwi wa kila mwaka alikuwa Ami Nasoro, lakini mwaka ule kazi ilimpeleka Sohar na Naima akalia mpaka akapata kwikwi. Baba akamkuta analia langoni petu. Akainama akamfuta machozi kwa pembe ya kilemba chake. "Leteni kwetu," akasema. "Mimi ntakuwa zimwi. Jumatano nipo nyumbani." Bibi akauliza ni uganga gani huo unaoletwa nyumbani kwake. Bi Haruko akacheka, akamwambia, "Bi Zuwena, wewe ushahiji. Kule Mina si twampiga shetani mawe? Hii soya tu, haitoi hata jicho." Bibi akasema kama ni kumpiga shetani, basi mpigeni.

Lazima nieleze furaha ya Mama siku ile, kwa sababu ndiyo inayonichoma kuliko mengine yote. Alivaa gauni lake la zambarau. Alisimama na Bi Haruko mbele ya jiko letu, wakikaanga soya na kusukumana mabega, na nilimsikia akicheka kwa sauti, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Alitengeneza sambusa. Alimwambia Bi Haruko, bila kujua kama nipo, "Mwanamme anokubali kuvaa pembe kwa ajili ya watoto, shoga, huyo karudi nyumbani." Harufu ya soya ilijaa nyumba nzima, ikaingia kwenye mapazia, na Mama hakufungua dirisha.

Tulicheza kabla ya magharibi, kwa sababu Bibi hakutaka mtoto awe nje adhana ya magharibi ikilia. Huo ndio wakati mashetani wanapita. Baba akatokea chumbani na ile sura nyekundu usoni, amekunja mikono ya kanzu, ananguruma. "Yalla, nani aogopa zimwi?" Naima akapiga ukelele wa raha. Mdogo wangu akalia kweli. Watoto walirusha soya kama mtu anavyomrushia kuku mtama, huku wakijikunja kwa kucheka. Mimi nilirusha kwa nguvu zangu zote. Nilizijaza konzi zote mbili, nikamlenga shingoni, nikamlenga kwenye matundu ya macho, nikisema zimwi nje, zimwi nje, na nilikuwa nalia bila kujua.

"Aa, polepole, mama!" akasema Baba nyuma ya boksi. Ndivyo alivyoniita siku zote, mama. Sikwenda polepole. Nilimfukuza ukumbini, nikamfukuza uani, tukamfikisha langoni. Hapo alisimama. Hakuvua sura. Akasema, "Mkishanitoa fungeni geti. Nkigonga msinifungulie mpaka nlie." Akatoka. Tukafunga, tukaegemeza migongo yetu kwenye geti, tukapiga kelele, heri ndani, heri ndani. Adhana ikaanza. Nje gari ikawaka. "Zimwi lina gari!" akasema Naima, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Mama akaja na sahani ya sambusa. "Yuko wapi?"

"Bado hajalia," nikamwambia.

Hakugonga. Nimefikiri sana kuhusu njia ambazo mwanamme anaweza kuondokea nyumbani kwake. Wengine hugombana wakapiga mlango. Wengine huandika ujumbe wa simu. Wengine, wenye haya kidogo, hukaa chini na mke wao wakasema neno. Lakini kuvaa boksi usoni ili mkeo na watoto wako wasikuone macho, kisha ukawaagiza wanao wakufungie geti kwa mikono yao wenyewe na waliegemee wakicheka, hiyo sijaisikia kwa mtu mwingine. Na yeye alikuwa hodari wa mzaha, kila mtu alimsifu kwa hilo.

Siku zilizofuata niliambiwa kasafiri. Kisha niliambiwa yuko kazini. Kisha niliambiwa nikacheze. Mama aliingia chumbani kwake akalala akitazama ukuta, na chakula kikaanza kupikwa na yeyote aliyejisikia. Nikamwendea Bibi, aliyekuwa anachambua mchele kwenye sinia, nikamuuliza Baba atarudi lini.

"Waniuliza mimi?" akasema. "Si nyinyi mliomtoa? Zimwi nje, zimwi nje. Haya, katoka."

Alisema kwa sauti ya mzaha, akiendelea kuchambua. Labda aliona ni mzaha. Mimi niliona ni jibu, na lilikuwa jibu pekee nililopewa. Nilikaa nalo nikalipanga kichwani. Shetani alikuwa amemshika Baba vizuri mno, nikawa nimempiga kwa nguvu mno, wakatoka wote wawili. Au moja ya soya zangu ilikuwa mbichi. Nilikumbuka kuitafuna moja nikaiona laini katikati, na sikumwambia mtu. Na aliondoka magharibi inaadhiniwa, saa ile ile, na mashetani wenzake wakampokea barabarani.

Bibi hakuishia kwangu. Kwa wageni alikuwa na hadithi iliyokamilika zaidi. Nyumba yake ilikuwa salama mpaka uganga wa Kijapani ulipopita mlangoni. Mwanawe alikuwa mtu wa msikitini, lakini akavishwa pembe. Waliosikiliza walisema astaghfirullahi wakachukua halua nyingine. Tukakatazwa kwenda kwa jirani. Sahani ambazo Bi Haruko alizileta ukutani, kama alivyozoea, zilirudishwa na chakula chake ndani. Wanawake waliokuwa wakimwomba awafundishe kukata karoti ziwe maua walivuka upande wa pili wakimwona anakuja. Mama hakumsema vibaya, lakini hakumtetea pia. Hakuwa na nguvu ya kumtetea mtu, na huyo simlaumu. Wengine wote nawalaumu.

Mimi nikaanza kazi ya kumrudisha Baba. Soya zilikuwa zimebaki kwenye nyufa za sakafu ya uani na chini ya mitungi ya maua. Nilizichokoa kwa kijiti, nyingine zikiwa zimeliwa na sisimizi zikabaki maganda. Kila jioni kabla ya adhana nilijipenyeza nje ya geti na konzi yangu, nikageukia nyumba, nikazirusha ndani. "Baba ndani," nilisema. "Baba ndani." Kisha nilikimbia ndani kuziokota tena kwa ajili ya kesho. Nilifanya hivyo mpaka zikabaki chache, nikaanza kuzirusha moja moja nisizimalize.

Bi Haruko alikuwa paani kwake anaanua nguo. Nikasikia sauti yake juu yangu. "Wafanya nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimekatazwa kuzungumza naye. Nilimweleza yote palepale barabarani, kichwa juu: shetani wa Baba, soya mbichi, geti, sisimizi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka kapu la nguo chini, na baada ya muda mfupi alitokea langoni kwake amevaa buibui, akanishika mkono, akaingia nami nyumbani kwetu bila kugonga.

Bibi alikuwa na wageni, wanawake wa jamaa, halua na birika la kahawa katikati yao. Bi Haruko alivua viatu, akawasalimu mmoja mmoja kwa umri wao. Hakuna aliyemsogezea kikombe.

"Bi Zuwena," akasema, "mtoto huyu adhani yeye ndiye aliyemtoa baba ake. Kila jioni asimama nje arusha soya ndani ili arudi. Mwambie si yeye."

Bibi hakunitazama. "Mtoto huyo. Atasahau."

"Hatosahau."

"Na wewe kakuuliza nani? Watuletea mazimwi yako, nyumba yavunjika, kisha waja kutufunza kulea?"

Bi Haruko hakuniachia mkono. "Niwie radhi, mimi mgeni kwenu. Lakini jioni ile nlipita kwangu nkazunguka nje, nkadhani shemeji kajificha, nimpe sambusa. Nkamkuta yumo garini ashawasha. Nliona kanzu zake. Zote, zimetundikwa nyuma ya gari, zimepigwa pasi. Mtu hachezi na watoto na kanzu zake zote zimo garini, Bi Zuwena. Alikuwa aondoka tokea mchana. Watoto hawakumtoa."

Wanawake wale walimjua Bibi miaka mingi. Walijua kanzu za mwanawe zinapigwa pasi na nani, maana alikuwa akijisifia hilo mbele yao. Mmoja akaweka kikombe chini, akajifanya anatafuta simu yake. Na mimi nikakumbuka asubuhi ya Jumatano ile, meza ya pasi katikati ya ukumbi, harufu ya maji ya waridi, na mimi nikimuuliza Bibi kama kuna harusi. Alisema ndiyo, ipo harusi.

"Toka nyumbani mwangu," akasema Bibi. Hakusema kwamba ni uongo. "Mwanangu alikuwa na haki yake ya sharia. Mlitaka nmpigie tarumbeta?"

Nilisimama hapo nikamngoja. Nilitaka ageuze uso wake upande wangu aseme maneno matatu, si wewe, mwanangu, na nadhani kama angeyasema ningemsamehe mpaka pasi yake. Aliomba kahawa iongezwe.

Baba alikuwa Barka. Hata si Salalah, wala ng'ambo. Barka, safari ambayo mtu huenda akarudi kabla chai haijapoa. Alikuwa na mke huko na nyumba iliyokwisha pakwa rangi. Sikasirikii mke wa pili. Sharia inampa mwanamme ruhusa hiyo, lakini haimpi ruhusa ya kuwatumia watoto kuwa mlango wake wa kutokea, na haimpi mama yake ruhusa ya kuwatwika watoto hao dhambi ili jina la mwanawe libaki safi kama kanzu zake.

Bi Haruko na Ami Nasoro walihamia Sohar kabla ya Ramadhani. Walisema ni kwa ajili ya kazi. Naima aliniambia, tulipokutana tukiwa watu wazima, kwamba mama yake hakupanga tena wanasesere wala hakupandisha samaki paani, na soya hazikukaangwa tena nyumbani kwao. Mdogo wake alikua bila kuyajua hayo. Mwanamke yule alivuka bahari na kubadilisha dini, lugha na chakula, akabaki na sikukuu chache tu za kuwapa wanawe, na sisi tulimpokonya hata hizo ili mtu mmoja asione haya. Hilo nalo nimelihifadhi, sitaki mtu aniambie nilisahau.

Watu husema mtoto akishaambiwa ukweli hupona. Mimi niliambiwa, na akili yangu ilielewa, lakini mwili haukusikia. Nilikwenda hija nikiwa mwanamke mwenye watoto. Mina, mbele ya nguzo, na vijiwe vyangu mkononi, watu pande zote wakirusha na kusema Allahu Akbar, mkono wangu ulikataa kunyanyuka. Nilisimama nikitoka jasho. Ilibidi ndugu yangu, yule aliyekuwa akitambaa siku ile, anirushie yeye. Alidhani ni jua.

Mama alikufa bila kumdai Baba neno. Baadaye kidogo mke wa Barka naye akachoka, na Baba, mzee sasa, na sukari na magoti mabovu, akaanza kurudi kwa watoto wake wa kwanza. Mashangazi walinijia kwa zamu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema, huyo ni baba yako. Nijuavyo mimi, zimwi likujualo ndilo linalojua pa kuanzia kula. Lakini nilimpokea. Kila Idi nilimwandalia kiti kizuri, nikamkatia nyama ya shuwa, ile ya kuokwa shimoni, vipande vidogo kwa ajili ya meno yake, na sikusema kitu. Nilijidanganya kwamba siku moja atalianza yeye.

Idi iliyopita alilianza. Sebule yangu ilikuwa imejaa: mashangazi, wifi yangu, mume wangu, watoto wote wamekaa chini miguuni kwake na bahasha zao za Idi. Wakamwambia Babu, tupe hadithi. Akajiweka sawa kitini. "Mamenu huyu," akasema akinionyesha, "mwamwona mpole? Siku moja nlivaa pembe, nkawa zimwi wa Kijapani. Kanipiga kwa soya huyu, kanipiga, mpaka nkahama nyumba! Sikurudi tena!" Watu wakacheka. Mume wangu akacheka, masikini, hajui. Baba alicheka mpaka akakohoa, na mtu akampa maji.

Binti yangu Raya ana miaka minane. Aligeuka akanitazama, na hakuwa anacheka. "Mama," akasema, "kumbe wewe ndiye uliyemfukuza Babu?"

Nikaweka sinia chini. Nilisema taratibu ili kila mtu asikie. "Hapana. Babu yako alikuwa na mke Barka. Alitia kanzu zake garini mchana, akavaa sura ya zimwi, akatuambia tumfungie geti. Hakuna mtoto aliyemtoa. Alitoka mwenyewe." Kisha nikamgeukia. "Mwambie, Baba. Neno moja tu. Mwambie si mama yake."

"Astaghfirullahi," akasema Baba. "Siku ya Idi hii. Mzaha tu, mama. Mambo ya kale."

"Mwambie."

Alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Kisha akachukua tende kwenye sahani, akaitoa kokwa. "Mtoto mdogo huyu," akasema, "ataelewa nini?"

Nilimletea fimbo yake. Nikamshika mkono nikamsimamisha, kwa upole, maana magoti yake ni mabovu kweli, nikamtembeza mpaka mlango wa mbele nikaufungua, na joto la mchana likatuingia usoni. Nyuma yangu mashangazi walikuwa wamesimama wote wanasema kwa pamoja. Nikamwita ndugu yangu amrudishe kwake kwa gari.

Tangu siku ile simu yangu hainyamazi. Ukoo mzima unasema nimemfukuza baba yangu nyumbani, mzee, mgonjwa, siku ya Idi, mbele ya watoto. Wanataka niombe radhi. Raya alisikia moja ya simu hizo akaniuliza kama ni kweli wanayosema. Nikamwambia ndiyo. Safari hii ni mimi niliyemtoa.